Watatu wa Nyasa Mbele ya Wageni

Jumanne, 12 Juni 1973

Nimemaliza! Sehemu ya kwanza ya "Watatu wa Nyasa" — kurasa kumi na moja, mkono unaniuma mpaka kwenye kiwiko. Miaka miwili kikundi chetu cha maigizo kimecheza hapa kijijini, kila mchezo na shujaa wake. Mzamiaji, anayeishi chini ya ziwa bila kuhitaji pumzi. Bi Jiwe wa milima ya Umatengo, anayenyanyua mwamba kama mtu anavyonyanyua ungo. Sikio, anayesikia minong'ono ya ng'ambo. Sasa nawaweka wote pamoja, sehemu sita, moja kila Jumamosi. Mimi Bonifasia, mwalimu wa darasa la tatu!

Tunaanza Saba Saba. Bwana Utamaduni, afisa wa wilaya, atakuja kutoka Mbinga kututazama. Mwalimu Mkuu, Mwalimu Osward, kanieleza kwa upole kwamba mchezo ukipwaya, kikundi kitabaki na ngoma tu, na saa za mazoezi zitahamia shamba la kijiji. Upole wake ndio unaonitisha.

Alhamisi, 14 Juni

Nimewasomea wenzangu. Othmar, mvuvi wetu wa dagaa wa usipa ambaye ndiye Mzamiaji, alicheka mpaka akakaa chini. Walburga, Bi Jiwe, kadai aongezewe maneno. Halafu Kilian, fundi baiskeli anayecheza Sikio, akauliza: na wale wa Chiwanda, wataelewa?

Nikazikunja karatasi zangu.

Familia ishirini. Zimeletwa hapa kwa malori Aprili, kwa sababu ya vita vya ng'ambo ya mpaka. Hawajaona hata mchezo wetu mmoja. Na mimi naanza na Bi Jiwe akimpa Mzamiaji mgongo! Sisi wote tunajua kwa nini — katika mchezo wa mwaka jana mwamba ulimponyoka, ukabiringika ziwani, ukaivunja nyumba ya mwenzake. Wao wataona mwanamke kageuka tu.

Tena wanakaa peke yao, wanateka maji peke yao. Mama Getrude, jirani yangu, kutwa analalamika kwamba wamepewa viwanja vizuri. Wakija kwenye mchezo wakajiona wageni hata hapo — nitakuwa nimewafukuza mara ya pili.

Jumatatu, 18 Juni

Nimepata dawa. Mtangazaji! Atasimama mwanzoni aeleze kila shujaa ni nani, katoka wapi, kagombana na nani. Kurasa tatu. Mwalimu Osward atasoma mwenyewe. Kafurahi sana, kaongeza ukurasa wa nne juu ya siasa ya ujamaa.

Jumamosi, 23 Juni

Mazoezi. Nilimwalika Nesi Mwanabibi, ana mwezi mmoja tu hapa zahanati, mtu wa Tanga, hajui lolote juu ya mashujaa wetu. Nikasema huyu ndiye kipimo changu.

Alilala! Mwalimu Osward akiwa ukurasa wa pili, Mwanabibi kaegemea nguzo, mdomo wazi. Nikamsubiri mpaka mwisho, nimenuna.

"Usinikasirikie, Mwalimu," akasema. "Umenielezea watu ambao sijaanza kuwapenda. Nitawakumbuka vipi?"

Nikamuuliza kama kuna chochote alichokikumbuka. Kumbe aliamka Othmar alipompa Walburga kibuyu cha maji, na Walburga akayamwaga chini. Akataka kujua yule mama alifanyiwa nini. Nikamwambia hakufanyiwa, yeye ndiye aliyemvunjia mwenzake nyumba. Aibu inamfanya asiweze kunywa.

Mwanabibi akanitazama. "Basi si ungeanza na hilo!"

Nimerudi nyumbani mbio.

Jumapili, 24 Juni

Baada ya Misa nimezichana. Kurasa zote nne za Mtangazaji. Mwanzo sasa ni huu: Sikio anashika masikio, kuna kitu kinalia chini ya ziwa. Anawaita wenzake wawili. Wanafika, jua kali, Mzamiaji anatoa kibuyu. Bi Jiwe anamwaga. Kisha anasema sentensi moja tu: "Siwezi kunywa mkononi mwa mtu niliyembomolea nyumba."

Mchezo mzima wa mwaka jana katika sentensi moja! Nimecheka peke yangu jikoni, ugali ukaungua.

Jumatatu, 25 Juni

Mwalimu Osward hakucheka. Kasema watu watapotea, na ukurasa wake wa siasa umekwenda wapi? Nikajibu kwamba watu watatu waliogombana wakishika kazi moja, siasa imo humo humo. Akasema wajibu ni wangu.

Ijumaa, 6 Julai

Mwamba wetu wa kuigizia umekauka — tenga, gunia, majivu na uji wa muhogo — na kwa mbali ni mwamba kweli. Bwana Utamaduni kafika. Anaitwa Bwana Frederick, mtu wa Bukoba. Hajui lolote, huyo naye.

Jumamosi, 7 Julai

Niandike taratibu, maana moyo umejaa.

Saa tisa alasiri uwanja ulikuwa umefurika. Wenyeji mbele na katikati. Wa Chiwanda kandokando ya ukuta wa ghala, na nafasi tupu kati yao na sisi, pana kama barabara.

Sikio kaingia — wenyeji wakapiga makofi. Mzamiaji — vigelegele. Bi Jiwe na mwamba wake — uwanja ukalipuka. Na kule ghalani, kimya. Wanatutazama sisi, si mchezo. Niliuma ncha ya kanga. Nikajisemea nimekosea, Mwalimu Osward angesoma tu zile kurasa.

Ndipo kibuyu. Walburga alikishika kwa mikono miwili, akakisogeza mpaka mdomoni, akasita. Akamwaga. Maji yakaingia vumbini, polepole. Akasema sentensi yake.

Kule ghalani akasimama bibi mmoja, Bibi Notburga, mkubwa kuliko wote walioletwa na malori ya Aprili. Kauliza kwa sauti, kama yuko kwake, nyumba ipi? Na aliyemjibu nani? Mama Getrude! Kageuka, kaanza kumweleza habari za mwamba. Bibi hasikii vizuri. Mama Getrude akabeba mkeka wake, akavuka ile nafasi, akakaa ubavuni mwake. Mwingine akamfuata, akamwelezea jirani yake. Kisha wengine. Othmar ilibidi apaze sauti, uwanja mzima unanong'ona!

Mwisho, Bi Jiwe asiyejua kuogelea anaingiza mguu mmoja ziwani, kukifuata kile kilio. Basi. Sehemu ya kwanza imekwisha. Watu hawakuondoka. Niliitafuta ile nafasi kwa macho, sikuiona.

Bwana Frederick kanipa mkono. Kakiri kwamba Sikio hakumwelewa kabisa, alidhani ni mgonjwa wa masikio. Halafu akauliza, chini chini:

"Yule mama, atazama?"

Nikamwambia sehemu ya pili ni Jumamosi. Akaudhika kweli!

Jumatano, 11 Julai

Barua kutoka Mbinga. Bwana Frederick anatuita tukacheze bomani Jumamosi hii, mbele ya watumishi na watu wa soko. Lori atatuma. Lakini anataka sehemu ya pili! Ya kwanza kaiona, asema.

Yeye kaiona. Mbinga nzima haijaiona! Wataanzia mama akiwa na mguu mmoja majini.

Sikio angalau nimemtengeneza. Ataanza kwa kumjibu mtu anayenong'ona nyuma kabisa ya watazamaji. Wataelewa mara moja. Lakini kibuyu? Lakini nyumba?

Alhamisi, 12 Julai

Bibi Notburga kaja shuleni. Nikamwamkia, shikamoo bibi, nikamletea kiti. Anataka nafasi kwenye lori. Nikamwambia lori ni la waigizaji, na njia ya mlimani ni mbaya.

"Nitakaa katikati ya watu wa Mbinga," akasema. "Asiyejua nitamwambia."

Mwalimu Osward alisikia dirishani. Kasema bibi apande mbele, na dereva.

Jumamosi, 14 Julai

Njiani. Lori limechemka kwenye mlima, tumesimama ili injini ipoe. Naandikia gotini, juu ya mwamba wetu wa majivu. Walburga anarudia maneno yake. Othmar anatapika kando ya barabara, Mzamiaji mzima, kisa kona!

Bibi Notburga kakaa kwenye jiwe, dereva kachuchumaa mbele yake. Dereva ni mtu wa Songea, hajaona chochote. Bibi kamwambia kwamba Bi Jiwe alikuwa akikimbia vita, ndiyo maana mwamba ukamponyoka. Mimi sikuandika hivyo! Nilifungua mdomo nimsahihishe. Nikaufunga.

Mwalimu Osward anatazama saa. Kasema maji ya injini yamekwishapoa, tupande, bomani wanatusubiri. Sisi wengine tumepanda.

Dereva hajapanda. Funguo mkononi, bado kachuchumaa, anamwuliza bibi kitu juu ya Bi Jiwe.