Hukufika Mwanza

Mama,

Shikamoo. Siwezi kuanza bila shikamoo, maana utanisonya hata huko uliko. Nimekaa barazani, watoto wako shule, Hamisi mdogo wangu kaenda Simbo kutafuta mawese, na mimi leo sokoni sikwenda. Nina hasira, mama. Sina mtu mwingine wa kumwambia akanisikiliza bila kuniambia nipunguze sauti.

Hospitali wamefanya Wiki ya Jamii. Hilo jambo hulijui, enzi zako halikuwapo. Enzi zako ilikuwa hospitali ya shirika, imejengwa kwa ajili ya wakimbizi, na sisi wenyeji tulikuwa tunaitazama kwa nje ya uzio. Sasa wakimbizi wengi wamerudi kwao, kambi imebaki misingi na mikaratusi, na hospitali imebaki na sisi. Ndiyo kwanza wamegundua kwamba tupo. Wanapima presha bure, wanagawa vyandarua, wamevuta bomba la maji mpaka shuleni, wanasomesha mabinti wa hapa unesi. Mkurugenzi wao, kijana mpole wa Dar, anashika kipaza sauti anasema hospitali yao haitafuti faida, kinachobaki chote kinarudi kwa jamii. Watu wanapiga makofi. Na mimi hupiga, nisiwe mwongo. Mjukuu wako wa mwisho nilimzalia pale, alikuwa amekaa vibaya tumboni, wakanipasua, tukatoka wote wazima. Kwa hiyo usidhani nawachukia bure. Nina sababu yangu, na sababu yenyewe ni wewe.

Watu wakiniuliza mama yako alifia wapi, nasema Mwanza. Nimesema hivyo mpaka ulimi umezoea. Mume wangu mwenyewe nilimwambia Mwanza, akanipa pole, nikaipokea.

Unaukumbuka ule uvimbe wako? Uliubeba chini ya kanga ukasema ni mtoto wa uzeeni, ukatuchekesha wakati sisi tunaogopa. Hospitali ya serikali mjini walikuandikia uende Mwanza ukapasuliwe. Mwanza! Treni mpaka Tabora, ushuke, upande nyingine, na mtu wa kukulinda, na chakula cha njiani, na wewe hata kukaa kitako kulikuwa shida. Na hapa kwetu, mwendo wa miguu tu kutoka mlangoni, kulikuwa na daktari wa upasuaji, dawa na vitanda. Ulikwenda getini. Mlinzi akakuuliza kama wewe ni mkimbizi. Ukamwambia wewe ni mwenyeji. Akakujibu kwamba wenyeji wanapewa vidonge vya maumivu, upasuaji ni wa wakimbizi, ndivyo wafadhili walivyopanga. Ulirudi nyumbani unacheka kile kicheko chako cha hasira. Ulisema, "Kumbe kosa langu ni kutokukimbia."

Na wewe ndiye uliyewapikia hao wakimbizi walipofika! Wamelowa, miguu imevimba, hawana hata sufuria. Domitila alikaa uani kwetu na wanawe mpaka walipompeleka kambini. Kiha chetu na Kirundi chake vilisikilizana tangu siku ya kwanza, mkawa mnasengenya mtaa mzima pamoja kama mmezaliwa tumbo moja. Hata alipohamia kambini hakuacha kuja.

Wazo lilikuwa lako. Sitaki mtu amsingizie Domitila. Ulimwambia, "Nipe jina lako nikapasuliwe nalo." Alicheka mpaka akakaa chini. Halafu alipoona hucheki, akatoa kadi yake ya mgao kwenye pindo la kitenge akakupa. Kadi za wakati ule hazikuwa na picha. Mimi nililia, nikasema itakuwaje wakikujua. Ukaniambia jina ni nguo ya kuazima, ukitoka unaivua, unaifua, unamrudishia mwenyewe. Na ukatukataza tusije kukuona, kwa sababu wauguzi wengine walikuwa wa kijiji cha pili, walituzoea sisi wanao, wangetutambua wakakutoa kitandani.

Walikupasua. Domitila alituletea habari kwamba umeamka, umekunywa uji, umekwisha kumgombeza nesi kwa kutandika shuka vibaya. Tulifurahi mama, tukachinja jogoo. Kumbe homa ilikuwa imekwisha kukuingia. Hakuna aliyetuambia, wangemwambia nani? Domitila alikuwa kwenye foleni ya maji kambini akasikia spika inatangaza: ndugu wa Domitila waende hospitali, ndugu yao amefariki. Alisikia kifo chake mwenyewe kwa masikio yake. Aliacha ndoo palepale, akaja mbio mpaka kwetu na ndala moja mguuni.

Tulifika kwenye makaburi ya wakimbizi wanamalizia kufukia. Utaratibu wao ulikuwa kumzika upesi asiyeonekana ndugu yake, na kwa kuwa Domitila ni Mkatoliki, walikuzika Kikatoliki. Kwa heshima zote, sitawasingizia. Katekista alikuwa anasoma, wauguzi wameinamisha vichwa, mmoja analia kweli. Msalaba wa mbao, jina la Domitila kwa rangi nyeupe. Wewe, mama. Wewe uliyewaosha wanawake wote waliofariki mtaani kwetu, uliyekuwa unaitwa hata kabla ya sheikh, uliyekuwa unawasemesha wakati unawaosha, unawaambia geuka dada, tunamalizia. Wewe hukuoshwa na mkono wa mtu anayekujua. Hukuvikwa sanda. Hamisi alitaka kupiga kelele. Domitila alimvuta akamziba uso kifuani kwake, maana askari wa kambi walikuwa palepale, na aliyeazimisha kadi hufutwa mgao yeye na wanawe. Tukasimama mbali, tukakulilia kama majirani.

Nyumbani tukasema umefia Mwanza. Sheikh akatuswalisha sala ya ghaibu, watu wakaleta ubani, wakala wali, wakatawanyika. Domitila kambini alikuwa maiti, kwa hiyo mgao hana. Akaishi kwetu na wanawe, akauza mawese yako kwenye meza yako, na alikuwa anapunja kuliko wewe. Amani iliposikika kwao, wenzake waliandikwa wakapanda meli. Yeye marehemu angeandikwa vipi? Alipita Kagunga, kule mpakani, kwa mtumbwi wa wavuvi wa dagaa akaingia kwao kimyakimya. Siku aliyoondoka alikwenda kwanza pale makaburini akakaa kwako muda mrefu. Alirudi macho mekundu.

Basi tukanyamaza miaka yote. Sasa ngoja nikwambie kilichotokea.

Siku ya kufunga hiyo Wiki ya Jamii walituita wote uwanjani kwa hospitali. Maturubai, soda, fulana mpya, watoto wanacheza ngoma. Mkurugenzi akasema wana zawadi kubwa kwa kijiji: soko. Soko lenye paa, meza za saruji, choo, bomba, kwa ajili ya kina mama wa mawese na dagaa. Mama, nilipiga kigelegele mimi mwenyewe! Unajua tunavyouzia kwenye matope masika yakianza. Mama Shabani wa dagaa alinikumbatia. Halafu mkurugenzi akanyoosha mkono kutuonyesha mahali. Akaonyesha chini ya uzio, kwenye makaburi ya wakimbizi. Akasema wenyewe walikwisha kurudi kwao, hakuna ndugu aliyejitokeza, misalaba imeliwa na mchwa, eneo limekaa tu. Katapila litakuja baada ya mavuno kusawazisha. Akauliza kwa adabu kabisa kama kuna mwenye neno.

Kigelegele kilinikauka mdomoni. Nikamtazama Hamisi, akanitikisia kichwa: nyamaza. Na nilijua kwa nini. Nikisimama nakutangaza mwizi wa jina mbele ya kijiji kizima, na nawanyang'anya wanawake wenzangu paa lao. Nikikaa, katapila linapita juu yako na mimi napanga vidumu vya mawese hapohapo juu. Nikasimama, mama.

Nikasema, "Mama yangu yuko pale."

Mkurugenzi akanitabasamia kama mtu anayemwelekeza mgeni. Akasema, "Mama, pale wamezikwa wakimbizi tu." Nikamwambia hata mama yangu alikuwa mkimbizi, mkimbizi wa kulazwa tu, kwa sababu geti lenu lilikuwa halimjui mtu mwingine. Nikaeleza yote, kadi, jina, msalaba. Mama Shabani alikuwa amenishika kanga ananivuta nikae, ananinong'oneza, "Unatuharibia soko, mwenzetu." Kuna mwanamume nyuma akasema kwa sauti, huyu mama yake si alifia Mwanza? Watu wakaanza kucheka. Aibu niliyoisikia pale sikuwahi kuisikia.

Ndipo akasimama Mzee Bakari, fundi baiskeli, yule uliyekuwa unamtania kwamba hajawahi kumaliza sentensi. Aliimaliza siku hiyo. Alisema, "Hata mke wangu hakufika Mwanza." Akakaa. Kicheko kikakatika. Akasimama mwalimu mstaafu, akasema kaka yake yuko pale, kwa jina ambalo hata kulitamka vizuri hawezi. Akasimama mwanamke wa upande wa kanisani, akasema baba. Na mkono uliokuwa unavuta kanga yangu ukaachia. Mama Shabani akasema kwa sauti ndogo, bila hata kusimama, kwamba mwanawe wa kwanza, yule wa degedege, alimwingiza pale mgongoni mwa mama wa Kirundi, na hakumpata tena kumshika.

Mama, kijiji kizima tulikuwa tunapeana pole za Mwanza. Nimekwenda kwenye hizo hitma zao, nimekula wali wao, nao wakala wetu. Na nyinyi nyote mko pale chini ya uzio, tunawapita kila siku tukienda kuteka maji.

Mkurugenzi alishusha kipaza sauti. Maskini, miaka ile yeye alikuwa mtoto wa shule. Nilimhurumia kidogo. Kidogo tu.

Sasa sikia walivyomaliza. Katapila haliji. Soko limehamishiwa upande wa barabarani, nusu ya lile la kwanza, na paa mpaka apatikane mfadhili mwingine. Kuna wanawake hawanisalimii mpaka leo. Makaburi wanayazungushia uzio, na kibao kimekwisha kuletwa, nimekwenda kukiona mwenyewe. Kina nembo ya hospitali, na maneno kwamba eneo hili ni zawadi ya hospitali kwa jamii. Zawadi! Wametuzawadia wafu wetu. Nilicheka peke yangu pale njiani kama mwehu, halafu nikatafuta jiwe la kukipiga, nikaona watoto wa shule wanapita, nikaliacha.

Na kaburi lako silijui tena. Safu naijua, lakini misalaba imekwisha, matuta yamelala, na majani yamefunika. Nilitaka tukufukue tukulaze Ujiji kwa wazee wako. Sheikh akauliza, tutamfukua nani? Amesema tutakusomea hapohapo, Mungu anajua nani ni nani. Ni kweli, lakini mimi nilitaka kujua na mimi.

Usidhani nina ugomvi na aliyekupasua. Alijaribu, nina hakika alijaribu, na nesi uliyemgombeza huenda ndiye yule aliyekuwa analia. Nilichoshindwa kukimeza ni kwamba ilibidi uache kuwa mtu wa hapa ndipo utibiwe hapa, kwenye ardhi ambayo kijiji kiliwapa bila kuwauliza kadi. Leo wananipima presha bure wananiambia iko juu, nipunguze chumvi. Chumvi!

Ijumaa ni makabidhiano. Mkuu wa wilaya anakuja. Mkurugenzi alifika hapa nyumbani na katoni ya soda, akakaa kwenye mkeka kwa heshima, akaniomba nitoe neno la shukrani kwa niaba ya wenye wafu. Alisema, "Machache tu, mama, na yawe mazuri." Nimekubali. Hamisi ana wasiwasi, ananiuliza kila asubuhi nitasema nini, nami namwambia ale uji wake.

Basi nakuaga, mama. Uliwaosha wengi, nawe Mungu akuoshe kwa mkono wake, akulaze pema. Sikukuaga siku ile, niliogopa askari, nakuaga leo. Na ninakuahidi hili: sitamshukuru mtu. Nitashika kile kipaza sauti mbele ya mkuu wa wilaya niseme, Zaina binti Ramadhani, mwenyeji wa hapa, muuza mawese, mwosha maiti, hakufika Mwanza. Sitaongeza neno. Nitampa kipaza sauti Mama Shabani, amtaje mwanawe.

Mwanao,
Mwajuma