Kibet, Majani Yako Yalikuwa Mazuri

Bomet, Jumapili, 9 Machi 2025

Ndugu yangu Kibet,

Nimetoka kanisani, mama amelala kidogo, na mimi nimekaa nje kwenye kile kigoda ulichokuwa ukikalia ukikamua. Nakuandikia kwa sababu watu wananisema. Wanasema nimemwaibisha mzee kwenye kituo cha chai. Wanasema hawakujua kwamba Chelang'at, yule mpole anayefagia kanisa, ana moyo wa namna hiyo. Siwezi kumjibu kila mtu. Nakujibu wewe, na wao wakitaka wasome.

Unakumbuka tulivyokuwa tukichuna chai? Baada ya baba kufariki tulibaki wawili shambani, kwa maana miguu ya mama ilikuwa imeshamkataa. Wewe ulichukua mstari wa juu, mimi wa chini. Ile fimbo tunayoilaza juu ya michai ili tuchune kwa usawa, wewe ulikuwa unanigonga nayo kichwani. "Kogo, hilo ni jani gani? Hilo mpe ng'ombe!" Kogo, yaani nyanya. Ulinipa jina hilo nikiwa bado msichana, eti kwa sababu nalalamika kama kikongwe. Mifukoni mwako hamkukosa vichipukizi vya chai. Ulivitafuna vibichi, na vilivyobaki nilivikuta nikifua. Mpaka leo nikishika suruali yoyote ya kufua, naingiza vidole mfukoni kwanza.

Siku ile ya kituo unaijua, lakini nitaisema kwa sababu wengine hawakuwepo, na wengine walikuwepo wakaamua kusahau.

Arap Sang ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kituo chetu cha chai. Baba aliwahi kusimama kumpinga kwenye uchaguzi wa kamati akashindwa, lakini Sang hakutosheka na kushinda. Baba alipokufa, Sang alituhamishia sisi ile hasira yake. Kila tulipofika kwenye meza ya ukaguzi aliyafukua majani yetu hadi chini kabisa, na wengine waliguswa juu juu tu wakaenda kwenye mizani. Tukavumilia. Halafu ikaja ile siku ya mvua. Tulikuwa tumechuna tangu umande, majani mawili na kichipukizi, hakuna jani gumu hata moja. Akaokota moja, akalikunja, akaliinua watu walione.

"Hii ni chai ama ni ya mbuzi? Mwaga!"

"Mzee, angalia tena," ukamwambia.

"Nimesema mwaga, kijana. Baba yako alijua kuongea. Kuchuna hakujua."

Watu wakacheka. Si wote, lakini nawakumbuka waliocheka, na kila Jumapili nakaa nao benchi moja. Ukamwaga. Ukapiga magoti kwenye matope ili uyaokote, kwa sababu hata chai iliyokataliwa mtu huibeba akaitupe kwake, asiiache ikikanyagwa. Sang akasukuma lile rundo kwa buti. "Wacha hapo."

Tukarudi na magunia matupu. Tukafika pale kwenye mto. Hapo ukasimama, ukaosha magoti, ukasema: "Kogo, nitatafuta nguo ambayo mtu akiiona hawezi kuniambia mwaga."

Basi, hiyo ndiyo sababu iliyokupeleka jeshi. Sijui nyingine.

Walipotangaza usajili nilikusindikiza hadi Kericho, na mahindi ya kuchemsha na mursik, maziwa yetu ya mgando, kwenye chupa ya soda. Uwanja ulikuwa umejaa vijana, wengine wamekuja na wazazi, wengine wamekuja na njaa tu. Mkavuliwa viatu, mkaangaliwa meno na nyayo kama ng'ombe wa mnada wa Siongiroi. Nilikuwa nje ya kamba, na wewe mbele yako alikuwa Ochieng, nyuma yako Victor. Hamkujuana. Kabla jua halijapanda mlikuwa mnagawana mahindi yangu.

Ochieng alizaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi katika shamba kubwa la chai. Baba yake alitoka huko ziwani zamani, akafanya kazi kiwandani mpaka uzee, na sasa alikuwa anastaafu. Mtu akistaafu anarudisha nyumba. "Mimi natafuta kazi inakuja na kitanda," akasema. "Mama yangu atalala wapi? Kwa migomba?" Victor alikuwa na raba mpya nyeupe. Baba yake ni daktari, na nyumba yao ina ngazi ndani. Ukamuuliza, wewe na hizo ngazi unatafuta nini hapa? Akacheka kwa aibu. "Nyumbani kila kitu kimepangwa. Hata mke nafikiri wameshamwangalia. Nataka mahali hakuna mtu anamjua baba yangu."

Ochieng akamkagua kuanzia juu hadi chini. "Kibet anajua kukimbia. Mimi najua kubeba. Sasa wewe Victor unajua nini?"

"Anajua kununua raba," ukasema wewe, na mkacheka wote watatu hadi afisa mmoja akawakaripia.

Nilisimama pale nikifikiri. Mmoja anatafuta nyumba, mwingine anaikimbia nyumba, na wangu amefukuzwa na mdomo wa mtu. Niliwatazama wale wengine uwanjani, wengi kama nini, nikajiuliza kila mmoja ameletwa na nani. Sikumsikia yeyote akitaja kuipenda nchi siku ile. Sisemi kwamba hamkuja kuipenda. Nadhani mliipenda baadaye, kama mtu anavyokuja kumpenda mke aliyechaguliwa na wazazi. Lakini kilichomtoa mtu nyumbani ni kitu kingine, na aliyemtoa ana jina.

Ulipokuja likizo ya kwanza ulinichukulia gunia, ukapita nalo kituoni makusudi, na nguo zako za jeshi. Sang akainuka kwenye kiti. "Karibu, afande!" Akapima bila kugusa jani. Nilidhani utafurahi. Njiani ukasema, "Kogo, ni nguo tu. Mimi ni yule yule." Maneno hayo yaliniuma kuliko yale ya matope. Nilianza kumchukia Sang siku hiyo. Kabla ya hapo nilikuwa nimemwogopa tu.

Likizo iliyofuata haikufika. Ulinipigia simu, ukasema, "Niwekee mursik, na usiwe bahili." Nikasafisha ile sotet ya baba, kibuyu chenye shingo ndefu, nikakisugua ndani kwa mkaa wa mti wa senetwet, nikajaza maziwa, nikaziba, nikakiweka kwenye giza nyuma ya kabati. Kilikuwa kimeiva vizuri siku tuliyopata habari kwamba gari lenu limelipuliwa huko mpakani. Ochieng ndiye aliyekuja na jeneza. Alikuwa amekonda. Alinishika mkono akasema, "Dada, hakuumia," na mimi nikamshukuru kwa uongo huo kwa sababu ulitoka kwenye upendo.

Uongo wa pili, siku ya mazishi, haukutoka kwenye upendo. Sang alichukua kipaza sauti mbele ya jeneza lako lenye bendera. "Huyu kijana nilimjua. Nilimwona pale kituoni nikasema, huyu ana damu ya askari. Mimi ndiye nilimtia moyo. Alienda kwa sababu aliipenda nchi yake." Watu wakapiga makofi. Mama, ambaye hakuwepo kituoni siku ile ya mvua na ambaye wewe na mimi hatukumwambia, akasema, "Asante, mwenyekiti."

Halafu wazee wakaniita jikoni. Mgeni mkubwa hapewi maji. Mursik iliyoiva ilikuwa moja tu. Nilisema hiyo ina mwenyewe. Wakaniambia, mwenyewe hatakunywa tena, binti, usituaibishe. Nikaitikisa sotet yako, nikamimina, nikampelekea Arap Sang kwa mikono miwili kama nilivyofundishwa. Akanywa yote. Akapangusa mdomo akasema, "Hii ni tamu."

Kibet, mimi sijui kupiga kelele. Nilichukua kikombe, nikakiosha. Lakini tangu siku hiyo nilikuwa nangoja.

Nilichuna vizuri kuliko mtu yeyote kwenye kilima hiki. Nilisaidia wajane kubeba magunia, nikahudhuria mikutano yote, nikaongea kidogo. Mwaka jana kamati ilipochaguliwa, wanawake walinipigia kura, na wanaume wengi pia. Nikawa mwenyekiti, Sang akarudi kuwa mkulima. Walifikiri natafuta cheo. Mimi nilikuwa natafuta ile meza.

Alinikwepa. Alikuwa anamtuma mfanyakazi wake, na mfanyakazi sina ugomvi naye, nilimpimia vizuri. Halafu mfanyakazi akapata kazi kwenye shamba kubwa, akaenda. Jumanne iliyopita nikamwona mzee mwenyewe anapanda na gunia mgongoni, anapumua kwa mdomo.

"Mzee, leo gunia limekupata?" Mama Chebet, jirani yetu, akamtania kwenye foleni, na watu wakacheka. Yeye pia akacheka. Hakujua bado.

Akafika mezani. Akamwaga majani. Nikayapekua hadi chini. Yalikuwa mazuri, Kibet. Machache yalikuwa yamechanika kwa sababu mikono yake inatetemeka, lakini ilikuwa chai safi. Karani akasogeza mizani. Nikaweka mkono.

"Mzee, kabla ya kupima. Waambie watu ndugu yangu alienda jeshi kwa nini."

Akanitazama. "Chelang'at, hiyo si maneno ya hapa."

"Ni ya hapa hapa. Ilianzia meza hii."

"Nilisema kwa mazishi."

"Sema tena. Sema ile ya kweli."

Akatikisa kichwa. Nikawaita wengine, wakapita, wakapimiwa, majani yake yakiwa pembeni kwenye jua. Unajua chai ikirundikwa inavyopata joto na kuanza kuwa nyekundu. Aliweka kiganja juu yake, akakiondoa. Chini kule tukasikia lori la kiwanda linakula mlima. Karani, msichana mdogo, akaninong'oneza, "Mama, tutachelewa." Nikamwambia achelewe.

Lori likafika. Magunia yakaanza kupakiwa. Mzee akaliangalia lori, akaangalia majani yake, na akasema kwa sauti ndogo, "Nilimwagisha majani yake."

"Hawajasikia."

"Nilimwagisha majani yake!" Sasa alikuwa analia. "Yalikuwa mazuri. Hata wakati nayakunja nilijua ni mazuri. Baba yao alinipinga. Kijana aliondoka kwa sababu yangu."

"Na ulichosema kaburini?"

"Nilidanganya."

Foleni yote ilisogea karibu. Dereva wa lori mwenyewe alizima injini. Mama Chebet akaanza kusema, "Haya, amekubali, mpimie…" Na hapa ndipo wanaponisema, kwa hivyo nitaandika kama ilivyokuwa. Nilimtazama mzee, nikamwambia: "Asante. Sasa mwaga."

Akaondoa majani mezani kwa mikono yake miwili, akayamwaga chini. Hakuna aliyecheka. Lori likaondoka. Akapiga magoti kuyaokota, na mimi sikumwambia aache. Wewe ulikatazwa, yeye sikumkataza. Hiyo ndiyo tofauti kati yangu na yeye, na najua kwamba ni ndogo.

Pasta leo amehubiri juu ya kusamehe, akiniangalia. Nilimwangalia pia. Labda nitasamehe siku moja, lakini siku hiyo nitaichagua mimi. Hawatanichagulia wazee wa jikoni. Sasa hivi nikikumbuka magoti yake kwenye vumbi nalala vizuri, na sitaki kukudanganya wewe.

Jioni ile mama aliniuliza, "Chai ya Sang ilikuwa mbaya?" Nikamwambia ilikuwa safi. Nikamweleza yote, tangu mvua. Alikaa akikanda magoti. Mwishowe akasema, "Na mimi nilimwambia asante." Halafu akainuka mwenyewe, bila fimbo, akaitoa ile sotet kwenye msumari ambapo imening'inia tupu tangu siku ya mazishi, akanipa. "Tafuta senetwet. Yule kijana wa ziwani si alisema atakuja?"

Ochieng anakuja mwezi ujao. Bado yuko jeshini, na mama yake ana nyumba. Victor aliacha, anauza mbegu Kericho, mahali ambapo kila mtu anamjua baba yake, na anasema haimsumbui tena. Nimejaza sotet jana. Ochieng akifika nitamimina kwa mikono miwili, na mtu mwingine asijaribu kuigusa.

Mdogo wangu, naenda kumwamsha mama, ng'ombe wanakaribia kurudi. Mwambie baba kwamba kuchuna alijua, na wewe pia ulijua, na sasa kituo kizima kimesikia. Mimi usinikumbuke na uso niliokuwa nao Jumanne. Nikumbuke kwenye mstari wa chini, nikilalamika, na wewe una fimbo.

Dada yako,
Kogo