Eti Wamesitisha Mapigano

Jumatatu, 3 Machi
Tumefunga maboksi ya vikombe siku nzima. Miguu inauma, kichwa kimechangamka. Kila boksi limeandikwa "fragile", yaani kitu rahisi kuvunjika. Na leo asubuhi, kwenye basi la Downsview, huku ughaibuni, nimekutana na neno hilo hilo kwenye masomo yangu: "fragile ceasefire". Usitishaji mapigano ulio rahisi kuvunjika. Nimecheka peke yangu. Miaka yote hii nabeba neno la vita mikononi nikidhani ni la vikombe.

Mtihani wa ukalimani ni Jumamosi ya wiki ijayo. Nikifaulu, naliaga ghala. Nautaka vibaya mno.

Jumatano, 5 Machi
Darasani. Madam Zarina, mwalimu wetu, mzaliwa wa Mwanza anayeishi Mississauga, mji jirani, katupa maneno ya vita jioni nzima. "Shelling", kurusha makombora. "Truce", kuacha kupigana kwa muda, hata ili watu wazike wafu wao. "Armistice" nzito zaidi, ya kukaa mezani na kutia saini. Na Kiingereza kinasema ceasefire "inashika", kana kwamba ni gundi. Nimelipenda hilo. Nilikuwa nanyoosha mkono kila swali, mtu mzima na wajukuu njiani.

Alhamisi, 6 Machi
Neema, binti yangu wa mwisho, ananisaidia. Kiswahili anakielewa chote ila hujibu kwa Kiingereza. Kwa kazi hii ni baraka. Anasoma habari, mimi natafsiri, simu inarekodi.

Leo kanisimamisha. "Mum, you keep adding stuff." Nikabisha kwamba siongezi kitu. Akanisikilizisha sauti yangu mwenyewe. Kumbe kweli. Yeye kasoma pande mbili zimesitisha mapigano, mimi nimesema "eti wamesitisha mapigano". Kila mara. Na nikigeuza kwenda Kiingereza nachomeka "so-called", eti ile ile. Wala sikujua. Hasira zimenipanda, wali ukaungulia jikoni.

Jumamosi, 8 Machi
Madam Zarina naye kaisikia hiyo eti. "Mama Neema, mkalimani hatii chumvi. Ukiongeza neno, maneno si ya msemaji tena, ni yako. Kwa hilo tu watakufelisha." Kasema kwa upole. Nimeumia hivyo hivyo.

Najua hiyo eti imetoka wapi. Baba. Redio ilitangaza mapigano yamesitishwa, akatoka mjini Uvira, akapanda mlimani kuvuna maharagwe yake. Waliompiga risasi hawakuwa na redio. Tangu hapo siwezi kulisema neno hilo lilivyo. Neema hajui. Nilimwambia tu babu yake alikufa zamani.

Jumapili, 9 Machi
Kanisani sikusikia mahubiri. Nilikuwa natafsiri kimoyomoyo. Eti tatu kabla ya sadaka. Nimejichukia.

Jumanne, 11 Machi
Nimemwambia Neema. Nimeteleza tena, akauliza kwa nini, nikasema yote huku nakatakata lengalenga, mchicha wetu. Neema akairudia sentensi ile ile, polepole, tena na tena, mpaka ikanitoka safi. Tukagonganisha viganja. Mwili mzima unanisisimka hata sasa ninapoandika. Inawezekana.

Ijumaa, 14 Machi
Kesho. Siwezi kula. Nimepiga pasi blauzi ambayo haikuwa na mkunjo. Nikishindwa ni maboksi tena, na mgongo huu hautavumilia mwaka mwingine.

Jumamosi, 15 Machi
Nimefanya. Chumba kidogo, vifaa vya kusikilizia masikioni. Sauti ya mwanamke anasimulia kijiji chao. Makombora, kukimbia, mtoto mgongoni. Kisha neno lenyewe likaja. Nilihisi eti inapanda kooni. Nikaimeza. "They declared a ceasefire and we went home." Walitangaza kusitisha mapigano, tukarudi nyumbani. Nukta. Nikaendelea.

Nimekimbia kwenye theluji mpaka kituo cha treni, buti zinapiga kelele, watu wananitazama. Waache watazame.

Jumatatu, 31 Machi
NIMEFAULU. Neema kacheza mpaka jirani wa chini akagonga dari yake. Chef wa ghala, bosi wetu, kanipa mkono, mara ya kwanza tangu aniajiri. Sijui nilale vipi leo. Mkalimani. Mimi.

Jumatano, 2 Aprili
Nimempigia mama, yuko Bujumbura kwa shangazi alikokimbia vita. Nilitaka kumpa habari ya mtihani. Kapiga vigelegele simuni.

Kisha akauliza, "Na kwa redio za huko wanasema aje? Huku wanasema vita imesimama. Nataka nirudi kwa shamba yangu."

Neema alikuwa karibu. Akatafuta habari kwenye simu yake, akasoma. Nikamtafsiria mama neno kwa neno: pande zote zimekubali kusitisha mapigano. Sikuongeza kitu. Mama akashukuru. Akasema anaona kweli nimesoma.

Nikamwambia, "Mama, hiyo ilikuwa habari. Sasa ni mimi mtoto wako nasema. Usiende."

Nilisikia shangazi akiosha sahani huko kwao. Neema alikuwa amesimama tu, simu mkononi.

"Basi," akasema mama, "nitangoja kwanza."