Samaki wa Chemchemi

Yohana mjukuu wangu,

Marahaba. Huku Mpwapwa tu wazima, na ng'ombe wako amezaa. Unauliza kama baba yangu hakuwaogopa Wadachi.

Aliwaogopa sana. Bwana mmoja wa boma alikuwa akivua kwenye chemchemi yetu kwa ndoana ya manyoya ya jogoo. Masika hakupata kitu. Kiangazi, maji yalipong'aa, akamnasa samaki. Sisi hatukuwagusa samaki wale. Tuliamini wakitolewa, maji yatakauka. Askari wake akamwamuru baba amlete samaki yule. Baba akaingia majini, akamtoa ndoana mdomoni, akamwachia. Sisi watoto tukainamisha macho, tukingoja kiboko cha askari.

Kilikuja. Hayo tuyaache. Ila mikono yake niliiona, mjukuu wangu. Ilitetemeka muda wote, hata wakati inafunguka kumwachia samaki.

Bibi yako