Chupa Chini ya Kitanda cha Baba Yako

Kijiji cha Susuni,
S.L.P. 16,
Tarime.
Jumapili, 14 Septemba 1975

Mpendwa mwanangu Nashoni,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu mimi baba yako mdogo na kwetu sote. U hali gani na baridi ya huko Uskoti? Uliandika kwamba unavaa soksi mbili mbili hata kitandani. Mama yako Bhoke aliposikia hilo akauliza kama umeugua unatuficha. Na masomo yako ya ubingwa wa mapafu na wagonjwa mahututi yanaendaje? Sisi hatujambo. Nasema hatujambo nikiwa na maana ya leo. Ungeniuliza tarehe ishirini na tano ya mwezi uliopita ningekujibu vingine.

Kwa hiyo kabla hujasoma zaidi, kaa kitini ujue hili: baba yako yuko hai, anakula ugali wake wa ulezi, na jana aligombana na watu watatu. Sasa naweza kukueleza.

Barua yako ya kuomba ruhusa ya miaka miwili zaidi ilifika. Nilimsomea baba yako uani, polepole, pamoja na habari ya wodi ile ambako mashine inampumulia mtu wiki nzima na muuguzi mmoja anakaa na mgonjwa mmoja tu. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza mashine ikichoka nani anaipumulia. Kisha akasema hapa watu wamepumua tangu zamani bila shule, na kwamba ng'ombe wa mahari yako wanazeeka wakikungoja. Akaniamuru niandike neno moja: rudi.

Niliandika. Barua hiyo haikukufikia kwa sababu niliiweka kwenye kopo langu la viraka vya tyubu. Posta ya Tarime walikuwa wameishiwa stempu, na mimi sikuwa na haraka ya kwenda kuuliza kama zimekuja.

Wiki hiyo hiyo kijiji kilikuwa kinaezeka ghala la ujamaa. Kamati ya watu kumi ilikuwa chini inashauriana, na baba yako, mtu mzee kuliko wote, alikuwa juu ya paa, kwa kuwa alisema vijana wanapigilia misumari kama watu wasioijua bei yake. Boriti ikakatika. Aliangukia ubavu. Alisimama mwenyewe, akajipangusa vumbi, akasema hana kitu. Jioni hakuweza kumaliza sentensi. Wewe unamjua Mzee Werema. Asipomaliza sentensi, mambo yameharibika.

Lori la ushirika likatufikisha hospitalini Tarime. Bahati yetu zamu ilikuwa ya Lukmani, yule daktari msaidizi, mtoto wa Athumani mshona nguo wa sokoni, uliyefanya naye kazi kabla hujasafiri. Alimgongagonga kifua kwa vidole, akasikiliza, akasema ubavu umevunjika na umetoboa pafu. Nikamwambia basi hiyo ni pancha.

"Ni pancha, Mzee Stanslaus," akasema, "ila hapa upepo ukitoka hauendi zake. Unabaki ndani ya tairi na kuikalia tyubu."

Nilielewa kuliko nilivyotaka kuelewa.

Alimchoma sindano ya ganzi, akapasua kidogo katikati ya mbavu, akapitisha mpira mwembamba. Ncha ya pili ya mpira akaizamisha ndani ya chupa kubwa ya kioo yenye maji, akaiweka sakafuni chini ya kitanda. Baba yako akakohoa. Maji yakatoa mapovu.

Nashoni, mimi nimeziba pancha miaka ishirini na miwili. Nimetazama mapovu kwenye beseni kuliko nilivyomtazama mke wangu, na yeye analijua hilo. Lakini sikuwahi kuona mapovu ambayo ni kaka yangu. Nilikaa sakafuni nikayatazama kama mtoto. Kila akikohoa, pumzi yake inapita mbele ya macho yangu, naiona, inakwenda. Midomo yake ikaanza kurudia rangi yake.

Hapo nikakumbuka siku uliyomleta Lukmani kwenye kibanda changu, ukaazima beseni na tyubu kuukuu, ukamfundisha kazi hii. Mimi nilijifanya nakaza mnyororo. Nilisikia kila neno. Ulimwambia, "Chupa iwe chini ya mgonjwa siku zote, hata akija mkuu wa wilaya. Ikipanda juu, maji yatarudi kifuani."

Siku ya pili akaja shangazi yako Wegesa na uji. Unakumbuka kwetu mrija wa mzee wa kunywea pombe huwekwa juu darini. Hakuna anayeuruka wala kuuacha mahali panapopita miguu. Sasa yeye alikuta mrija unatoka mwilini mwa kaka yake, na pumzi yake imewekwa chini, karibu na ndoo na fagio. Hakumuuliza mtu. Mimi nilikuwa nimesinzia kwenye benchi. Aliinua chupa kwa mikono miwili, kwa heshima zote, akaiweka dirishani juu ya kichwa cha mgonjwa.

Nilizinduka nikaona maji yanapanda mpirani. Baba yako ametoa macho. Sikumbuki kuinuka. Nakumbuka vidole vyangu vimeukunja mpira ule kama ninavyobana tyubu, na mkono wa pili unaishusha chupa. Lukmani alikuja mbio, akanikuta nimeukamata na sitaki kuachia. Ilibidi aniambie mara tatu.

"Achia sasa, mzee wangu. Chupa iko chini. Achia."

Maji yalikuwa yamebakiza kiganja kimoja kufika ubavuni.

Wegesa hakula siku mbili. Alikaa nje ya wodi amejifunika kanga usoni, hataki kusemeshwa. Baba yako alipopata sauti akaagiza aletwe, akamwambia, "Dada, umeniheshimu mpaka karibu na kaburi. Kaa hapa uilinde hiyo chupa." Akailinda. Hata mfagiaji alipita mbali. Tangu siku hiyo, Lukmani kabla hajaweka mpira huwaita ndugu wa mgonjwa kwanza, akawaeleza kwa nini sakafuni ndiyo mahali pa heshima pa chupa. Andika hilo kwenye daftari lako. Sidhani kama walimu wako wa huko wana shangazi wa aina hii.

Mapovu yalipungua siku hadi siku. Siku ya sita baba yako alikohoa kwa nguvu zote na maji yakatulia tu. Nikamuuliza Lukmani kiraka alikiweka lini. Akasema hakuna kiraka. Pafu likipewa nafasi ya kutanuka hujiziba lenyewe. Kwa fundi baiskeli hiyo ni habari ya kutisha. Tyubu zikijifunza tabia hiyo nitarudi kulima pamba. Lakini nilitoka nje nikasimama peke yangu muda mrefu, na nilipojiangalia nikakuta nimevua kofia.

Siku ya kuruhusiwa, mzee aliomba aondoke na chupa. Lukmani akamwambia hospitali ina mbili tu, na hiyo inangojwa na mtu wa Kisaka aliyepigwa pembe na ng'ombe. Baba yako akamtazama huyo mtu, maana unajua maneno yake kuhusu watu wa upande ule na wizi wa ng'ombe wetu. Akamwinamia, akasema, "Kohoa vizuri. Ikiwa chini, usiogope."

Mengine: mvua bado. Dada yako Agustina anafundisha darasa la elimu ya watu wazima na amemwandikisha baba yenu, ambaye anahudhuria kila siku na hakubali kushika kalamu, kwa sababu mwalimu ni binti yake.

Sasa jambo lako. Jana aliniita akauliza barua ya "rudi" imejibiwa nini. Nikamwambia ukweli kuhusu kopo la viraka. Nilingojea fimbo. Akaweka mkono pale ubavuni penye kovu.

"Ichane," akasema. "Andika nyingine. Mwambie akae hiyo miaka miwili. Ng'ombe watazaa."

Nimeichana mbele yake.

Mama yako, Wegesa, Agustina na Lukmani wanakusalimu. Mungu akulinde wewe, na hao wanaopumua kwa mashine uwalinde wewe.

Ni mimi baba yako mdogo, nikupendaye na nikuwaziaye kila nitazamapo beseni,

Stanslaus

Doa jeusi hapa chini si uchafu wangu. Ni kidole gumba cha baba yako, usije ukasema nimekutungia ruhusa. Wino wa muhuri uko ofisi ya kijiji na leo imefungwa, kwa hiyo tumetumia grisi ya mnyororo. Alikandamiza kwa nguvu, na hakuhema.