Bolti Kumi za Bambo Nkhoma

Area 18, Lilongwe
4 Juni 2025

Babu mpendwa,

Nakuamkia kwa heshima. Goti linasemaje na hii baridi? Mi niko mzima. Simu yangu tu njo imekufa: ilianguka ndani ya karai la oili chafu. Narudi kwenye karatasi, na najua utafurahi, maana masikio yako na simu hayajawahi kupatana.

Babu, nina shida. Bambo Nkhoma, daktari wa meno, ametuletea gari lake la michezo, jekundu, la milango miwili. Lina miaka thelathini na nne. Linatoa moshi mweupe wenye harufu tamu, maji yanapungua kwenye rejeta, na oili imegeuka kama chai ya maziwa. Bosi wangu Abdoul anataka kutoa injini yote aweke ya gari la kawaida. Bambo Nkhoma hataki. Anasema gari lake bila injini yake ni sanduku. Mi nikasema inapona. Abdoul akanicheka mbele ya bote: "We Goreth, unataka kufufua maiti? Haya, fufua. Ikikufia, unarudi kambini Dzaleka kukaanga mandazi."

Hakuwa anatania. Bado niko kwenye majaribio hapa gereji. Nianzie wapi?

Mjukuu wako,
Goreth

Dzaleka
6 Juni 2025

Goreth wangu,

Goti linalalamika asubuhi na kunyamaza mchana, kama jirani yetu Rodrigue. Tunakula, tunaota jua.

Injini hiyo haijafa. Wanaojenga magari ya mbio wanajua kwamba yatateswa, kwa hiyo mwendo hauyaui. Yanauawa na joto, na wenye kuahirisha kubadilisha oili. Dalili zako zote zinasema neno moja: gasketi ya kulasi imeungua, hiyo kulasi, kifuniko cha injini, ambayo huko mnaiita hedi. Lakini tafuta kwanza kilichoiunguza. Nadhani rejeta imeziba kwa kutu. Ukitibu moshi ukaacha joto, utaifungua tena kabla ya Noeli.

Vua kulasi. Weka rula ya chuma juu yake, uchungulie kama mwanga unapita chini. Ukipita, ikasawazishwe. Bolti zake kumi zifute, zipake oili, uzirudishe; bolti nzima haitupwi. Kaza kutoka katikati kwenda nje, kwa awamu tatu.

Goti lingeruhusu minibasi, ningekuja kukushikia tochi.

Babu yako,
Zihindula

Dzaleka
12 Juni 2025

Goreth,

Salamu zitangoja. Usirudishe bolti za zamani. Nimekosea.

Leo nimefungua kile kitabu cha ufundi cha Kifaransa nilichotoka nacho kwetu Uvira, kisicho na jalada. Malori niliyotengeneza kule yalikuwa na bolti nene kama kidole gumba, nasi tulizirudisha miaka yote. Injini kama hii yako ina bolti zinazorefuka zikikazwa, na zikisharefuka hazirudi zilivyokuwa. Ukizikaza mara ya pili zinalegea au zinakatika, na kazi yako inakwenda nazo. Kitu kilichorefuka hakirudi: baada ya miaka ishirini na tisa nje ya Uvira, nilipaswa kuijua hiyo bila kitabu.

Huku kambini hatutupi kitu. Mkebe unakuwa taa, gunia linakuwa pazia. Mazoea hayo yamenipotosha, nami nikakupa wewe uyabebe.

Namba ya gereji hapa hakuna anayeijua. Petroli imekosekana, minibasi zimelala Dowa. Espérance, muuza vitenge, ameahidi kuondoka na barua hii kwa gari la kwanza. Niandikie hata mstari mmoja.

Babu yako,
Zihindula

Area 18, Lilongwe
19 Juni 2025

Babu,

Pole kwa wasiwasi. Barua yako ya tarehe 12 nimeipokea leo mkononi mwa Mama Espérance. Injini ilifungwa tangu tarehe 14.

Usishike kichwa, soma kwanza. Bolti nilizifuta kama ulivyosema, kisha nikazisimamisha juu ya kioo. Si weye uliyenifundisha kwamba kinachorudi ndani kipimwe? Zilisimama kama batoto ba darasa la kwanza, huyu mrefu, huyu mfupi. Nikaazima mpya moja kwa muuza spea. Zote kumi zilikuwa zimeipita, moja kwa karibu milimita mbili. Abdoul akasema, "Kila mutu anarudisha, we njo profesa?" Nikamtia ile ndefu mkononi: "Basi ziweke weye, na weye njo utamweleza Bambo Nkhoma." Akaigeuza, akaigeuza tena, akaenda mwenyewe kutafuta mpya.

Siku mbili nilibeba barua yako ya tarehe 6 mfukoni, nikiogopa kukuvunjia neno. Nikaona nifuate ulichonifundisha miaka kumi, niache mstari mmoja. Unisamehe.

Rejeta ilikuwa imejaa kutu, hapo ulipatia. Gari limekwenda Kauma na kurudi mara nne, na joto halikupanda. Abdoul hajanisifu. Ila ameandika jina langu kwenye overoli.

Bambo Nkhoma ana safari ya Dowa Jumamosi. Atapita kwako na ile bolti ndefu.

Mjukuu wako,
Goreth

Dzaleka
22 Juni 2025

Goreth, fundi,

Goti ni lile lile, ila jana nililisahau.

Bambo Nkhoma alifika adhuhuri, na nusu ya kambi nyuma yake. Nimeipima bolti yako: imerefuka milimita mbili kasoro kidogo. Nimeilaza ndani ya kitabu, kwenye ukurasa ule niliochelewa kuufungua. Usiniombe msamaha tena. Mimi njo niliyekosea, wewe ulipima.

Nikamwomba awashe. Masikio yangu unayajua, kwa hiyo niliweka kiganja juu ya injini. Kisha nikaomba glasi, nikaijaza maji robo tatu, nikaisimamisha pale kiganja kilipokuwa. "Kanyaga," nikasema. Akakanyaga mpaka watoto wakaziba masikio. Maji yalitetemeka kidogo, kama chai mbele ya mtu anayecheka. Hakuna tone lililomwagika.

Bambo Nkhoma akainama, akaniuliza kwa sauti ambayo hata mimi niliisikia: "Mzee, itadumu?"

"Mi nimeleta glasi tu," nikamjibu. "Muulize fundi wake. Yuko Area 18."

Babu yako,
Zihindula