Ukuta Usiobeba Paa

Jumatatu, 5 Mei

Mbaazi zimeungua. Nilikuwa nje nikimtazama fundi Kazungu akipima ukuta wa mbele, nikasahau jiko. Wateja wamezila hivyo hivyo na mahamri yao, wengine wamenuna. Potelea mbali.

Nyumba ni yangu, niliachiwa na mama. Ardhi si yangu. Mwenye shamba anaruhusu fito na udongo tu. Nyumba ya mawe hataki, kwa sababu aliyejenga ya mawe hafukuziki kirahisi. Karibu Mtopanga nzima tuko hivi. Athumani, mume wangu, yuko Uarabuni anaendesha lori ili tununue kiwanja chetu, tujenge nyumba ya tofali kamili. Mkataba wake unaisha mwezi wa saba. Akitia saini mwingine, ni miaka miwili tena.

Mimi sitaki kiwanja. Namtaka yeye.

Jumatano, 7 Mei

Kazungu amenieleza taratibu. Ukuta wa tofali kamili hujisimamia na hubeba paa. Mnene, mzito, unataka msingi wa kwenda chini. Mwenye shamba ataubomoa siku hiyo hiyo. Wa pili ni wa kuvisha: safu moja ya tofali nje ya fito, nafasi ya vidole viwili katikati unyevu upate kutoka, na nyaya za kuishikilia safu hiyo kwenye nguzo. Paa linabaki juu ya miti. Ukiondoa tofali, nyumba haianguki. Ukiondoa miti, huna nyumba.

Nimechagua wa kuvisha. Athumani akiona kwake kumependeza, atarudi. Huo ndio mpango wangu, sina mwingine. Sijamwambia.

Jumamosi, 10 Mei

Mvua tangu alfajiri. Udongo umedondoka chumbani, upande wa kitanda wa Athumani. Nimeuzoa. Nimelia kidogo, nikanawa uso, nikaenda kuuza.

Amepiga simu kuuliza hali. Nikasema kwema, sina neno. Kila mara nasema hivyo. Nina hamu naye mpaka chakula hakishuki.

Jumanne, 13 Mei

Tofali zimefika kiunoni, na msimamizi wa mwenye shamba naye amefika. Amefoka: nani amekupa ruhusa ya kujenga ya mawe? Kazungu hakuwa na haraka. Alimwingiza ndani, akamwonyesha nguzo na boriti.

"Paa liko juu ya miti, bwana. Hizi tofali ni kanzu tu."

Msimamizi akagonga, akachungulia, akaridhika. Alipokuwa akiondoka akasema hata kwake angependa mbele pawe hivi. Mnafiki. Lakini nimefurahi.

Jumapili, 18 Mei

Imekwisha. Nyekundu, mistari imenyooka, kona zimekaa. Waliokuwa wakitoka kanisani wamesimama kutazama. Jirani ameanza kuniita Bi Ghorofa, na mimi nimeitika.

Nimevaa leso mpya, nikasimama mlangoni, nikapigwa picha. Nimemtumia Athumani. Nyumba aione, na mimi anione. Bado hajajibu, labda yuko safarini.

Jumatatu, 19 Mei

Amejibu. Ametuma sauti ndefu, anacheka, ana raha zake. Amedhani ni tofali kamili. Amedhani mwenye shamba amelegeza.

"Sasa moyo wangu umetua, mke wangu. Masika hayakutishi tena. Wallahi naweza kutia saini bila wasiwasi, kiwanja tukakitafute kwa nafasi."

Nimeisikiliza tena na tena. Hakuuliza nyuma ya tofali kuna nini. Angejuaje? Nilimtumia mbele tu.

Nina hasira. Naye, na tofali, na nafsi yangu. Nilijenga ili aje, yeye amepata sababu ya kukaa.

Alhamisi, 22 Mei

Anatia saini Jumamosi. Leo sikuuza.

Mficha uchi hazai, na mimi nimeuficha tangu alipopanda ndege. Mchana nimefungua dirisha la chumbani nuru iingie, nikapiga picha. Shimo ukutani. Fito zilizoliwa na mchwa. Kitanda nilichokivuta mbali na ukuta. Nimetuma zote. Kisha nimerekodi sauti. Nimemwambia tofali ni za nje tu, ndani ni vile vile alivyopaacha, ila pameharibika zaidi. Mvua ikinyesha naogopa. Isiponyesha nakukumbuka, na sijui lipi baya zaidi. Kiwanja bila wewe nikifanyie nini. Ukitia saini siwezi kukuzuia, lakini usitie kwa kudhani niko salama.

Nimekaa chini sakafuni mpaka nikasikia adhana ya alasiri.

Jumamosi, 24 Mei

Mawingu, lakini hakukunyesha. Mahamri yameisha mapema.

Adhuhuri Athumani amepiga. Hakucheka. Akauliza fito zilizoliwa ni ngapi, na kama Kazungu anaweza kumngojea mpaka mwezi wa saba, inshallah, wazibadilishe pamoja.

Nikaitikia kwa kichwa, kana kwamba ananiona.